Somo: Picha inaganda, sauti inaendelea. Anzia hapa

Wiki iliyopita nililetewa laptopu ya Windows 10, prosesa i5-4300U. Video ya harusi, imerekodiwa kwa iPhone, 4K. Khutba ya shehe inasikika vizuri kabisa, lakini picha imeganda kwenye kiganja cha bibi harusi chenye hina, na feni inavuma. Mwenyewe alishajaribu programu tatu za kuchezea video, hali ile ile.

Hatua ya 1. Icheze video, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager ifunguke, nenda Performance, kisha GPU (chipu ya picha). Tazama grafu ya "Video Decode" pamoja na asilimia ya CPU. Pale CPU ilikuwa 100, Video Decode 0. Yaani prosesa inabeba peke yake mzigo ambao ungebebwa na sakiti maalumu ndani ya GPU. Kama Video Decode inapanda na bado picha inakwama, kagua diski au flashi.

Hatua ya 2. Ijue faili. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza Ctrl+J, usome mstari wa Codec (kodeki, yaani njia iliyotumika kuibana video). Hii ilikuwa HEVC, ndiyo H.265.

Hatua ya 3. Linganisha na chipu. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika i5-4300U, ile 4 baada ya kistari ni kizazi cha nne: kina sakiti ya kufungua H.264 (kodeki ya zamani zaidi), ya H.265 hakina. Kizazi cha sita, cha mwaka 2015, kinafungua H.265 ya biti 8 (biti ni kina cha rangi). Cha saba kikaongeza biti 10 na VP9, kodeki ya Google. Ndugu zangu, pakiti za kodeki haziongezi sakiti kwenye chipu! Watu wanamaliza bando kuzipakua, na wengine wanaokota virusi humo humo.

Hatua ya 4. Chipu inaweza lakini Video Decode ni 0? Fungua Device Manager, Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia GPU, haipo. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Kisha VLC, Ctrl+P, Input / Codecs, weka "Hardware-accelerated decoding" iwe Automatic, halafu uifunge na kuifungua upya.

Ile ya harusi haikuwa na dawa ya setingi. Niliigeuza kuwa H.264 ya 1080p kwa HandBrake, programu ya kugeuza video, ikakesha usiku kucha, na faili la asili nikaliacha kama lilivyo. Usilifute kamwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi faili zinacheza fresh, YouTube ndiyo inakwama. Kizazi cha tano.
— YouTube hupenda kukuletea VP9 au AV1, kodeki ambazo chipu yako haina sakiti zake. Weka kiendelezi cha h264ify kwenye kivinjari, utapata H.264. Ila utaishia 1080p.

Nikiwasha hiyo Automatic picha inakuwa ya kijani tupu. Nimeua GPU?
— Hapana dada, usiogope. Mara nyingi ni draiva. Isasishe, ikikataa, chagua Disable kwenye VLC kwa sasa. Video ya 720p prosesa yako itaimudu.

Mkuu, shikamoo. Ubuntu je, ambako hakuna Task Manager?
— Marahaba. Sakinisha vainfo, programu inayoorodhesha kodeki ambazo chipu inafungua, uiendeshe kwenye terminali. Ikiorodhesha VAProfileHEVCMain pamoja na VAEntrypointVLD, chipu inafungua H.265. Ikigoma kabisa, weka intel-media-va-driver kwa kizazi cha tano na kuendelea, au i965-va-driver kwa vya nyuma. Kisha tubandikie hapa majibu yote ya vainfo, usikate mistari.