Nyumba ya zamani mu Bukavu: namna ya kujua ilijengwa lini

Huku kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, ukiuliza nyumba ya mtaa wa Muhumba ni ya mwaka gani, mtu anakujibu "ya Babelgia" halafu anaangalia ziwa. Hiyo si jibu.

Anza na ukuta, karatasi baadaye. Mfano wangu ni Le Cornet, ile nyumba ya Grand-Place kule Brussels: inua macho, kule juu wameijenga kama nyuma ya meli, basi unaelewa ilikuwa ya chama cha watu wa mashua. Ila usikimbilie kusema ni ya zamani za kale, maana mwezi wa 8 mwaka 1695 mizinga ya Ufaransa ilichoma karibu uwanja wote, na hii sura yenye tunaona ni ya 1697. Yaani UNESCO tangu 1998 inalinda nyumba zilizojengwa upya, na hakuna mwenye kulalamika.

Kwetu tafuta alama za tetemeko la mwezi wa 2, 2008: ukuta wenye ulipasuka siku ile ulikuwepo kabla. Gonga ukuta na kidole: penye waliziba ufa kunalia tofauti, na simenti rangi haifanani.

Sasa karatasi. Usiseme zilipotea kabla hujafungua masanduku yote, zetu zilikuwa mu mkebe wa biskiti chini ya vitenge. Soma kichwa kwanza: ikiandikwa Costermansville, ni kabla mji haujaitwa Bukavu (jina lilibadilishwa miaka ya 1950), ikiandikwa Zaïre, ni kati ya 1971 na 1997. Kwa sertifika, ile karatasi ya umiliki, tafuta namba ya parsele (kiwanja), volimi (kitabu) na folio (ukurasa), ndizo unapeleka kwa konservateri wa titri, mkubwa wa ofisi ya hati za mali, ukienda na jina la babu tu watakuzungusha mpaka saa tisa. Na ukikuta jina la mzungu halafu ghafla la Mkongomani, usiandike "aliuza", angalia kwanza tarehe: kuanzia mwisho wa 1973 mali mingi za wageni zilichukuliwa kwa zairianizasio, yaani serikali ya Mobutu ilizinyang'anya na kuwapa wenyeji, bila mtu kuuza kitu.

Wazee usiwaulize mwaka, utawachosha bure. Uliza: wakati Schramme, yule Mbelgia, na mamersenere wake (askari wa kukodiwa) walishika mji, 1967, ninyi mulikuwa wapi? Mama mmoja jirani alinijibu palepale, "Tulilala chini ya avoka, pale penye muko na baraza." Yaani 1967 pale palikuwa mti, baraza haikuwepo. Nilikuwa nimeshaandika kwamba baraza ni ya mkoloni, nikafuta.