IST inakunywa mafuta Mbeya? Pima kwanza, rudisha kilichotolewa, kununua vidude baadae

Wakuu, hii ni kwa wenye vigari vidogo huku nyanda za juu, IST, Vitz, Passo, Raum, hizi tunazozunguka nazo Uyole, Kabwe, Soweto na wikiendi tunashuka nazo Chimala au Tukuyu. Kila siku nasikia mtu analia gari inakula mafuta, kesho unakuta ameshaagiza kidude cha kuchomeka chini ya usukani, na mafuta yenyewe ukiangalia bei kikomo za EWURA (mamlaka inayopanga bei za mafuta) zinazotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mbeya tuko juu ya Dar kwa sababu hadi yafike huku yamesafiri sana. Inaniuma kuona mtu anatupa hela mara mbili.

Mi nina IST ya cc 1300, otomatiki, injini 2NZ. Nimeinunua kwa mtu, mwaka wa kwanza ilikuwa inanipa kilomita 9 kwa lita hapa mjini, sahivi inanipa 12 na kidogo, na hakuna kitu cha maajabu nimefunga. Nilichofanya ni kurudisha vitu ambavyo mafundi waliopita walivitoa au walivibadilisha. Ndo nachotaka ukielewe, gari nyingi za huku hazihitaji kuongezewa kitu, zinahitaji kurudishiwa.

Anza na kupima, na usipime kwa macho. Mshale wa tenki unadanganya, na kuweka mafuta ya elfu ishirini halafu kusema "yameisha haraka" siyo kipimo. Jaza hadi pampu ikate yenyewe, usimwambie mhudumu aongezee hadi yaonekane mdomoni, sifurisha tripu (kile kihesabu kilomita cha dashibodi). Tembea siku zako kama kawaida angalau kilomita 300, rudi sheli ileile na pampu ileile, jaza tena hadi ikate. Kilomita gawanya kwa lita za risiti. Mfano tripu inasoma 412 na zimeingia lita 29.6, hiyo ni 13.9 kwa lita. Fanya mara tatu, andika kwenye simu, ndo utajua gari yako inakula kiasi gani kweli.

Sasa huku kwetu kuna mtego wa milima. Mtu anashuka Uyole kwenda Chimala anapata 18 kwa lita anakuja kutamba kijiweni, hasemi kwamba kurudi alipata 12. Na hapo usijumlishe ukagawanya kwa mbili ukasema wastani ni 15, hapana, kwa sababu kwenye kupanda umechoma lita nyingi zaidi kwa umbali uleule, hesabu sahihi inakuja 14.4. Kwaiyo pima kwenda na kurudi, ukianzia na kumalizia sehemu moja. Na zile namba kubwa za kwenye matangazo ya magari ya Japani za miaka ile zimetokana na kipimo chao cha 10-15, gari iko juu ya rola ndani ya jengo, spidi ya mwisho 70, hamna mlima wala tuta. Usiumie ukiikosa hiyo namba, linganisha gari yako na yenyewe ya mwezi uliopita.

Haya, twende kwenye themostati, kile kivalvu cha maji ya injini, maana hapa ndo kuna hela nyingi.

Mwezi wa saba, baridi la Mbeya mnalijua, asubuhi natoka Isyesye nawasha hita, inapuliza vuguvugu. Nafika Mafiati bado vuguvugu. Nikajua hita imekufa. Nikampelekea fundi mmoja mzee, hakugusa hita kabisa, akafungua boneti injini ikiwa bado ya baridi, akaniambia washa halafu shika hii hozi nene ya juu inayoingia kwenye rejeta. Nikashika, ndani ya dakika moja mbili ikaanza kupata joto pole pole, wakati injini yenyewe bado ya baridi. Akasema hapa hakuna themostati, maji yanazunguka tu muda wote. Tukafungua ile nyumba yake kwenye injini, kweli, tupu, hata ile raba haipo, wameweka silikoni.

Themostati ni kivalvu kidogo cha shaba chenye springi, kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwenye hizi injini za NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ikitolewa, injini kwenye baridi letu haifiki joto lake au inachelewa sana, na kompyuta ya gari inasoma sensa ya maji inaona "bado baridi" inaendelea kumimina petroli nyingi kama vile ndo kwanza umewasha. Unatembea kilomita sita kwenda kazini na zote sita gari inajiona imeamka sasa hivi. Oili nayo inabaki nzito, na petroli ya ziada inateleza kwenye kuta za silinda inaingia kwenye oili. Watu wa Dar wakitoa themostati hawaumii hivi maana joto la nje linawabeba, sisi huku tunaumia.

Kwanini wanaitoa? Kwa sababu gari ilichemsha siku moja na njia rahisi ilikuwa kuitoa. Ila sababu ya kuchemsha huwa ipo kwingine, feni haiwaki, rejeta imeziba kwa kutu za maji ya bomba, au mfuniko wa rejeta umelegea. Huo mfuniko msiudharau, huku juu kwenye mita kama 1,700 maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi siyo 100, kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya gari ni presha inayoshikiliwa na mfuniko. Mfuniko ukichoka, gari ambayo Dar ingevumilia huku itachemka mlimani. Kwaiyo badilisha mfuniko, weka kulanti (maji maalum ya rejeta) badala ya maji ya bomba, hakikisha feni inawaka, ndo urudishe themostati.

Ukinunua themostati ipime nyumbani kabla ya kumpa fundi. Chukua sufuria ya maji, ifunge na uzi uininginize isiguse chini ya sufuria, weka jikoni. Mwanzoni imefunga kabisa, ukiiinua kwenye mwanga huoni tundu. Maji yakianza kutoa vipovu vingi na mvuke unaiona inasukuma taratibu, yanapochemka iwe imefunguka wazi. Isipofunguka, au ikiwa wazi kwenye maji ya baridi, rudisha dukani. Dakika kumi tu na umejiokoa kurudi gereji mara mbili. Hii yangu ilivyofungwa tu, hita ikawa moto kabla sijafika Sae, na tenki la kwanza nikatoka 9 nikaingia 10 na nusu bila kugusa kitu kingine.

Cha pili oili. Angalia kile kikaratasi fundi alichoning'iniza, kama kimeandikwa 20W-50 basi umewekewa oili nzito mno kwa hizi injini, kitabu chake kinataka 5W-30. Asubuhi ya nyuzi 6 oili ya 20W-50 inakuwa kama asali, injini inatumia nguvu kuisukuma. Mafundi wengi wanakuwekea nzito kwa nia njema wakiamini inalinda injini ya zamani, ila kama injini yako haili oili hamna sababu.

Cha tatu ni bure kabisa, angalia dashibodi kama kuna taa imeandikwa O/D OFF. Ikiwa inawaka maana yake gia ya nne umeizima, gari inakimbia na gia tatu barabara nzima resi juu (injini inazunguka kwa kasi). Nimeshawaonyesha watu watatu mtaani kwetu, mmoja alikaa nayo hivyo tangu anunue gari. Bonyeza kile kitufe kwenye mkono wa gia hiyo taa izime. Kitumie tu kwenye kupanda kama Kitonga ili gia isiwe inaruka tatu nne tatu nne, na kwenye kushuka.

Na hapo kwenye kushuka naomba mnisikilize vizuri. Kuna watu wakifika mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka wanaweka nyutro wakiamini wanaokoa mafuta. Hizi ni gari za sindano za kompyuta siyo kabureta. Ukiachia mafuta gari ikiwa kwenye gia na resi bado iko juu, kompyuta inafunga nozeli (hizo sindano za mafuta), mafuta yanayoingia ni sifuri, magurudumu ndo yanazungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ijiwashe yenyewe, kwaiyo inakula mafuta ya sailensa, yaani yale ya kuunguruma tu. Yaani nyutro ndo inakula zaidi, na juu yake umebaki na breki tupu zinazopata moto hadi zinaacha kushika. Wanaozima injini kabisa ndo hatari zaidi, ukikanyaga breki mara mbili tatu inakuwa ngumu kama jiwe. Iwambi imeshachukua watu wengi, usiongeze jina lako kwa ajili ya kijiko cha petroli. Zima O/D, ikizidi weka gia kwenye 2, shuka taratibu.

Matuta nayo yanakula kuliko watu wanavyodhani. Nimepiga hesabu, gari ya tani moja ikitoka 80 ikashuka hadi 30 kwa breki halafu ikarudi 80, inachoma kama vijiko viwili vya chakula vya petroli kwenye kila tuta. Matuta 40 ni lita moja. Dawa yake siyo kuyaruka, ni kuachia mafuta mapema ukiona kibao, gari ishuke yenyewe kwenye gia, nozeli zimefungwa, unafika kwenye tuta hujagusa breki sana. Na nyuma ya malori usikae unavuta breki unavuta mafuta, acha nafasi.

Kuwasha gari asubuhi ikaunguruma dakika kumi huku unakunywa chai, acha. Inakula kama lita 0.15 hadi 0.2 kila siku, kwa mwezi wa siku za kazi ni lita tatu na kitu hadi nne na kitu, na injini haipati moto haraka ikiwa imesimama. Washa, subiri nusu dakika hadi dakika moja, ondoka pole pole bila kukanyaga hadi ipate joto.

Upepo wa matairi pima mwenyewe asubuhi kabla ya kutembea, namba sahihi iko kwenye stika ya mlango wa dereva. Kila nyuzi 10 za joto zikishuka tairi linapoteza kama psi moja na nusu, kwaiyo ulilojaza saa nane mchana Kyela, asubuhi ya Mbeya liko chini. Alaimenti (mnyooko wa magurudumu) pia, barabara zetu za mtaani zinaipoteza haraka.

Sasa vya kufunga. Vidude vya kuokoa mafuta vya kuchomeka kwenye OBD (ile soketi ya kompyuta chini ya usukani), sumaku za kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kwenye tenki, acheni. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imeshapitia vifaa zaidi ya 100 vya namna hii na haikukuta kinachoongeza kilomita kwa kiasi cha maana. Kone filta (ile airclina ya wazi ya umbo la koni) inaongeza kelele na vumbi la Usangu ndani ya injini. Airclina ya kawaida badilisha ikichafuka, ila ujue kwenye gari za sindano airclina chafu inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza mafuta. Plagi za iridiamu ni nzuri kwa sababu zinakaa muda mrefu, siyo kwa sababu zinaokoa mafuta, na kama plagi zako za sasa ni mbovu basi utaona tofauti hata ukiweka za kawaida.

Kuinua gari kwa spesa (vile vipande vya kunyanyulia springi) na kuweka matairi makubwa nawaelewa, njia za Isongole kipindi cha mvua bila hivyo unagusa chini. Ila jua gharama. Gari ikiwa juu inakamata upepo zaidi, na ukitoka tairi 185/65R15 ukaenda 195/65R15 mzunguko unaongezeka asilimia 2, ukitembea kilomita 100 dashibodi inaonyesha 98. Kwaiyo ukipima baada ya hapo zidisha kilomita kwa 1.02 la sivyo utailaumu gari bure. Keria ya juu kama hubebi kitu itoe, na gunia la viazi liweke nyuma kwa kulaza siti, siyo juu.

Kitu pekee cha kununua ambacho nakipendekeza ni kile kisomeo kidogo cha Bluetooth cha ELM327, siyo kwa kuokoa mafuta, ni kwa kuona joto la maji na taa ya cheki injini inasema nini. Kabla ya kulipa kijaribu kwenye gari yako hapohapo, baadhi ya magari ya Japani ya zamani hayaongei nacho. Kikiunganika, tembea kama dakika kumi, soma joto la maji. Likikaa nyuzi 60 na halitaki kupanda, unajua pa kuanzia.