Kuingiza Waya wa Umeme Katika Boksi la Ukutani

Katika nyumba za tofali za kuchoma, kama zilivyo nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, fundi huwa mwangalifu anapochimba mfereji wa paipu na anapofunga soketi, lakini pale waya unapoingia kwenye boksi hupita haraka, ilhali ndipo ngozi ya waya inapochanika kwa urahisi zaidi.

Kwa kazi ya nyumba nzima, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Hata kwa boksi moja, zima swichi kuu, hakikisha hakuna atakayeiwasha, kisha pima nyaya kwa kipimo ulichokwisha kukijaribu mahali penye umeme. Kuisha kwa uniti za LUKU au kukatika kwa umeme mtaani hakuhesabiki kuwa umezima, kwa sababu mtu akiingiza tokeni sebuleni, moto unarudi mikononi mwako.

Mfereji upande au ushuke wima kutoka kwenye boksi, au uende mlalo ukilingana nalo, wala usikate kona kwa mshazari hata kama utaokoa mita moja ya waya, kwani atakayepigilia msumari wa picha baadaye hukisia njia ya waya kwa kuitazama soketi. Uingereza, ambako soketi zetu za pini tatu zilianzia mwaka 1947, mfereji wa wima hauruhusiwi kuzidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Nadhani ni kipimo kizuri kwa kuta za tofali moja pia.

Boksi la chuma lina vibati vya duara vinavyong'olewa ili kupata tundu. Ng'oa kile utakachokitumia tu, kwa sababu tundu lililobaki wazi huingiza vumbi, saruji na mende. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye ukingo uliobaki: ukihisi unakwaruza kidole, ulainishe kwa tupa, kisha uweke bushi (kikingio cha ukingo wa tundu) au pete ya mpira hata kama unaonekana laini. Ikiwa unatumia waya bapa wenye gamba la nje, gamba hilo liingie ndani ya boksi kama sentimita moja kabla ya kumenywa. Ikiwa unavuta nyaya moja moja, paipu yenyewe ndiyo ifike hadi kwenye boksi na kufungwa kwa bushi, ili pasiwe na kipande cha waya kinachogusa tofali au plasta.

Acha nyaya zenye urefu wa sentimita 15 hivi ndani ya boksi, uzikunje taratibu bila kuzibana nyuma ya soketi. Boksi la kina cha milimita 35 hurahisisha kazi hii. Kwa soketi, waya wa milimita za mraba 2.5 ndio wa kawaida, na 1.5 kwa taa. Athi, yaani waya wa ardhini, isiyo na ngozi ivalishwe mrija wa kijani na njano, na kipande kingine cha athi kitoke kwenye soketi hadi kwenye skrubu ya boksi la chuma, kwa sababu waya wa moto ukiligusa boksi lisilo na athi, skrubu za soketi nazo huwa na umeme.

Kaza kila skrubu, kisha vuta waya mmoja mmoja kwa mkono. Makete na Njombe, ambako hita hukaa ikiwaka usiku kucha Juni na Julai, muungano uliolegea hupata joto hadi plastiki ya soketi ikageuka kahawia. Tukuyu, kwenye mvua nyingi, paipu inayoshuka kutoka darini izibwe juu isilete maji ndani ya boksi.

Kabla ya kuwasha, fundi apime kwa mega ya volti 500, yaani kifaa kinachopima kama ngozi ya waya bado inazuia umeme, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa. Usomaji ukiwa chini ya megaomu moja, fungua boksi na utazame kwanza pale waya unapoingilia.