Fangasi wanarudi kila mara na huku una siliaki? Fanya hivi kabla hujanunua tena kidonge

Naandika kwa wadada wenzangu tuliokatazwa ngano, ambao kila baada ya wiki kadhaa huko chini kunawaka moto mpaka ukipanda daladala toka Mbagala kwenda Kariakoo unahesabu vituo. Mi nimeishi nalo hilo zaidi ya mwaka, nanunua kidonge kimoja duka la dawa, nakaa vizuri wiki tatu, wanarudi. Siku moja kijana wa duka akanitazama akasema, dada samahani, hii ya nne tangu Januari, ushawahi kupima kweli? Nikakasirika sana, afu njiani nikaona kasema kweli.

Kwanza elewa inavyokwenda, maana dawa utatajiwa na kila mtu. Siliaki haikuletei fangasi moja kwa moja. Ni kinga yako mwenyewe inashambulia utumbo ukila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Sasa umekula kitu kina ngano bila kujua, tumbo limejaa gesi, unaharisha, mwili umechoka, unaenda zahanati. Hapa Dar unajua unachotoka nacho, taifodi na UTI, na bahasha ya antibayotiki. Antibayotiki haichagui, inaua na wale bakteria wazuri wa ukeni ambao ndo wanawabana fangasi wasizaliane, kwa hiyo siku chache mbele muwasho huo hapo. Mwezi unaofuata tumbo tena, antibayotiki ya sipro tena, fangasi tena. Yaani mi nilikuwa natibiwa chapati kwa antibiotiki, ndo ukweli wenyewe.

Haya, cha kufanya. Usitibu kwa kubahatisha. Fangasi wanawasha, unachubuka, mkojo unachoma ukigusa ngozi, na uchafu unakuwa mweupe mzito kama maziwa mgando, kwa kawaida hauna harufu kali. Ukisikia harufu ya shombo la samaki hao mara nyingi ni bakteria, na Flagyl inawahusu wao, fangasi haiwagusi kabisa. Ukiona rangi ya kijani kijani na povu, hiyo inaweza kuwa trikomona, vimelea vya zinaa, mnatibiwa wewe na mwenzako. Na vinaweza kuja viwili kwa pamoja. Kwa hiyo omba wachukue uchafu kwa pamba wakauoteshe maabara, usikubali kuandikiwa kwa kuangaliwa usoni. Kuotesha kuna faida nyingine, fangasi wengi ni kandida albikansi ambao flukonazoli, kile kidonge kimoja cha dukani, inawaweza, ila kuna ndugu yao anaitwa glabrata, huyo anaweza kukataa flukonazoli na unabaki kulaumu ngano bure.

Wakikupata mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, hao wanahesabiwa ni wa kujirudia, na kidonge kimoja hakitoshi. Tiba inayotumika sana ni flukonazoli miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, halafu kidonge kimoja kila wiki kwa miezi 6. Ndiyo, miezi sita, na wengi tunaacha wiki ya tano kwa sababu muwasho umeisha. Hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, usijipangie, maana inagombana na dawa kadhaa ikiwemo warfarini ya kuzuia damu kuganda, na mwenye shida ya ini lazima aseme mapema. Ukiwa mjamzito au unahisi una mimba usiimeze, utapewa klotrimazoli ya kuchomeka kwa siku 7. Halafu jua kwamba hizo krimu na vidonge vya kuchomeka vinaweza kulegeza kondomu, hilo dukani huwa hawasemi.

Siku hiyohiyo pima sukari na VVU. Najua watu wanaruka hapo, ila sukari ikiwa juu fangasi hawaondoki kirahisi hata ukimeza dawa, na kisukari aina ya 1 kinapenda kufuatana na siliaki kwenye mtu mmoja. Pima na wingi wa damu, sisi utumbo ukiharibika madini ya chuma hayaingii vizuri.

Dawa yenyewe nayo iangalie. Vidonge vingi vinashikiliwa na wanga wa mahindi au viazi, huo hauna neno, mara chache ni wanga wa ngano. Fungua ile karatasi iliyokunjwa mara kumi ndani ya boksi, tafuta sehemu ya viambato, au mpe mfamasia akusomee. Mi namwambia tu, kaka nina ugonjwa wa ngano hainipatani, niangalizie. Wengi wanaangalia.

Sasa chakula, na hapa ndo tunapoponzwa. Wala sio chapati na maandazi, hayo unayajua. Ni vya kujificha. Unga wa dona unapeleka mashineni, aliyekutangulia kasaga ngano, na wewe unamwagiwa humohumo. Mimi naenda asubuhi mapema mashine ikiwa haijaanza, namuuliza mzee wa mashine jana mmemaliza na nini, akisema ngano naomba apitishe kilo moja ya mahindi ya kusafishia, namlipa, hiyo naitupia kuku wa jirani. Chipsi, yale mafuta yamekaangiwa sambusa na kababu tangu mchana. Mishkaki imelowekwa kwenye soya sosi, na soya sosi nyingi zina ngano. Urojo, uzito wake ule mara nyingi ni unga wa ngano. Uji wa lishe, uliza nafaka zote moja moja, maana wengine wanatia ngano wanasema ni kuongeza nguvu. Bia ya shayiri nayo imo.

Kinachobaki ni kingi mno, wali, ugali, ndizi, mihogo, magimbi, maharage, samaki, mtama, ulezi. Vitumbua na mkate wa kumimina vya mchele ruksa kama mchele haukusagwa pale pa ngano. Na hapo kuna mtu lazima atakwambia acha hamira kwa sababu fangasi na hamira ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja. Hamira ya mkate ni kiumbe kingine, ukila kitumbua hakishuki kikawa fangasi ukeni. Usijinyime tena juu ya kunyimwa. Pia kuna wanaosambaza kwamba fangasi ndo wanaleta siliaki, hilo limetoka kwenye wazo la watafiti wa Uholanzi mwaka 2003, waliona protini moja ya kandida inafanana na kipande cha gluteni wakajiuliza. Wazo tu, halijathibitishwa, usiuziwe dawa ya kusafisha mwili kwa hilo.

Usafi ni mfupi, maji tu kwa nje. Kitunguu saumu, siki, magadi, sabuni za harufu, zile dawa za kubana, vyote usiingize. Mama mdogo wangu alinishauri mtindi, nikamwambia mama mdogo mtindi nitaukunywa. Joto la Februari hapa mjini linajulikana, vaa chupi ya pamba, taiti ya nailoni ipumzishe, ukilowa jasho badilisha. Mwenzako hatibiwi fangasi kama hana dalili, ila kama naye anawashwa au ana vipele aje.

Na tumbo likikuvuruga tena, usikubali antibayotiki haraka. Kama una homa kali, unatapika sana au choo kina damu, kimbia hospitali, hapo hakuna mjadala. Kama ni gesi na kuharisha kule unakokujua, kumbuka ulichokula siku mbili zilizopita, na ukifika kwa daktari anza kabla hajaandika kitu: daktari, nina siliaki, antibayotiki zinaniletea fangasi kila mara, naomba mkojo uoteshwe kwanza, na kama ni taifodi naomba damu ioteshwe, kipimo cha Widali peke yake hakinitoshi.