Kabla ya joho: mazoea ya kuanza ukiwa bado chuoni

Chuoni kuna vitu vinavyokubeba bila wewe kujua. Ratiba inakuamsha, mtihani unakulazimisha ufungue daftari, na mwenzako wa chumba anakuuliza kama umekula. Siku unayotoka Chuo Kikuu cha Maseno na sanduku lako ukapanda matatu ya Kisumu, hayo yote yanabaki getini. Kwa hiyo tabia ianze muhula wa mwisho, ungali na wa kukusukuma. Ukingoja mpaka upate kazi, utajifunza huku umechoka.

Kwanza saa ya kuamka. Nilipomaliza nilirudi nyumbani, na kwa miezi mitatu nilikuwa naamka saa nne. Mama hakunigombeza hata siku moja. Aliniachia chai kwenye chupa akaenda zake shambani, na siku nilipomkuta anarudi na jembe begani mimi nikiwa bado napiga mswaki, sikuweza kumtazama. Chagua saa yako, tuseme kumi na mbili, uishike hata siku isiyo na kipindi. Jumamosi ndiyo itakayokuonyesha kama umeizoea.

Kwenye pesa ndiko kwenye kazi. Tafuta kidaftari, na kwa mwezi mzima uandike kila shilingi inayotoka, hata ile ya boda kutoka Kondele na ya maandazi. Taarifa ya M-Pesa haitoshi, maana noti ukishaitoa kwa wakala haionekani tena ilikokwenda. Usijikaripie, andika tu. Mimi niligundua kwamba chakula hakikuwa tatizo. Bando na kamari ndivyo vilivyokuwa vinanimaliza. Halafu kuna Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojazia malipo salio lisipotosha. Wengi tunaihesabu kama pesa yetu, kumbe ukitumiwa chochote inakata chake kwanza. Atakayemaliza chuo akiitegemea kila wiki atakuta mshahara wa kwanza umeliwa kabla haujafika. Afadhali chama cha kuweka akiba cha watu watano mnaojuana tabia: shilingi 200 kwa wiki kila mmoja, mwaka ukiisha una 10,400 zako, na hapo amana ya chumba si ndoto. Jambo la maana hapo ni kule kutoa kila wiki bila kukumbushwa, wala si ukubwa wa kiasi.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, wengine huukumbuka wakishatakiwa kibali cha kuombea kazi. Unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na riba ya shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukikaa kimya, faini ni 5,000 kwa kila mwezi. Jizoeze kufungua barua pepe zinazokutisha na kuzijibu siku hiyohiyo. Kama huna kazi, waandikie useme hivyo. Ritani za mapato za KRA, mamlaka ya kodi, nazo ni vilevile. Ukiwa na PIN, yaani namba ya mlipa kodi, iliyosajiliwa kwa kodi ya mapato, unatakiwa kuziwasilisha kabla ya Juni 30 kupita, hata kama hukupata senti, la sivyo ni faini ya 2,000. Fanya mapema, foleni za saiba, vile vibanda vya intaneti, zikiwa bado fupi.

Vyeti viwekwe kwenye faili moja, nakala ziwe kwenye barua pepe yako. Hilo halihitaji maneno mengi.

Watu je? Mhadhiri asiyekusikia miaka miwili, kisha unampigia akudhamini kwenye maombi ya kazi, atasema ndiyo, ila hatakuwa na la kusema juu yako. Kila mwezi chagua mtu mmoja umjulie hali bila kuomba kitu. Na aliyekusaidia karo, awe mjomba au shangazi, aambiwe tarehe ya mahafali kabla hajaiona kwenye hali ya WhatsApp ya mtu mwingine. Kwetu hilo halisahauliki upesi.

Mwisho, nguo ya intavyu. Nenda soko la Kibuye pale Kisumu Jumapili asubuhi mapema, mabunda ya mitumba yakifunguliwa, ukiwa huna haraka wala simu ya kuitwa kesho. Anayenunua kwa haraka hulipa bei ya haraka. Shati moja jeupe na suruali nyeusi vinatosha. Viatu vivae wiki nzima ukienda darasani, visije vikakuchubua siku ya kutembea kutoka stendi hadi ofisini.