Jinsi ya Kuomba Chuo Kikuu kwa Matokeo ya Kidato cha Sita: Hesabu Pointi Kwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali la mtaani ni moja: "Umepata divisheni ngapi?" Shangazi atauliza hivyo, na mwenye duka naye atauliza hivyo hivyo. Chuo kikuu hakiulizi hivyo. Kinaangalia masomo mawili. Usipoielewa tofauti hiyo kabla ya kufungua mfumo wa maombi, unaweza kuiacha nafasi uliyostahili, au ukalipia maombi ya kozi ambayo tangu mwanzo hukuwa na sifa nayo. Kwa hiyo tuanze na hesabu, fomu zitafuata.

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hupanga divisheni kwa kujumlisha pointi za masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko uliosomea, na huko pointi chache ndizo bora: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Jumla ya 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inakipindua kipimo hicho. Kwao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Kiwango cha chini cha kusoma shahada ya kwanza ni prinsipali mbili, yaani masomo mawili yenye alama kuanzia A hadi E, ambayo kwa pamoja yanafikisha pointi 4. Wala si masomo mawili yoyote. Ni yale yanayotajwa na kozi unayoiomba.

Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza kasoma tahasusi ya EGM, kapata B ya Uchumi, E ya Jiografia na E ya Hisabati. Kwa NECTA ana pointi 12, divisheni ya pili, na nyumbani wanashangilia. Wa pili kasoma tahasusi ya HGL, kapata D ya Historia, D ya Jiografia, na Kiingereza kimemwangusha kwa F. Ana pointi 15, divisheni ya tatu, na nyumbani kimya. Sasa wote wawili waombe kozi. Kozi ikitaka Historia na Jiografia, huyu wa HGL ana 2 na 2, jumla 4, anaingia kwenye ushindani. Yule wa EGM akiomba kozi inayotaka Jiografia na Hisabati ana 1 na 1, jumla 2, hana sifa. Lakini akiomba inayokubali Uchumi na Jiografia ana 4 na 1, jumla 5, na mlango uko wazi. Matokeo ni yaleyale, kilichobadilika ni kozi tu.

Masomo ya ziada ya GS (maarifa ya jumla) na BAM (hisabati ya msingi) hayakuongezei kitu kwenye pointi hizi. Na kama ulimaliza mwaka 2014 au 2015, usitumie mizani hiyo ya juu: miaka hiyo kulikuwa na B+, C ilihesabiwa pointi 2, na prinsipali ilianzia C.

Ukishajua pointi zako, pakua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu kwenye tovuti yao. Kuna wa waliomaliza kidato cha sita na kuna wa wenye stashahada, angalia usichukue usio wako. Humo kila kozi ya kila chuo imeandikiwa sifa zake, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Soma safu ya sifa neno kwa neno. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, hauridhiki na masomo mawili. Unataka prinsipali za Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. Kozi nyingine zinarudi nyuma hadi kidato cha nne na kudai uwe umefaulu Hisabati huko. Safu ya nafasi nayo isikupite: pointi 4 zinakupa haki ya kuomba, hazikupi kiti.

Maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni, kwenye mfumo wa chuo chenyewe. Zamani, kuanzia 2010, kila kitu kilipitia mfumo mmoja wa TCU, lakini utaratibu huo ulikoma mwaka 2017, na bado kuna watu wanawaelekeza wadogo zao huko. Utambulisho wako mkuu ni namba ya mtihani ya kidato cha nne pamoja na mwaka, halafu ya kidato cha sita. Mfumo utakupa kontro namba, yaani namba ya malipo, utalipa kwa simu au benki, kisha utachagua kozi kwa kuzipanga: unayoitaka zaidi juu, na chini angalau moja ambayo pointi zako zinaizidi kwa mbali. Mwenye stashahada anahitaji kwanza namba ya uhakiki ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), ile inayoitwa AVN, na GPA isiyopungua 3.0. Aliyesoma sekondari nje ya nchi aanzie NECTA kupata ulinganifu wa cheti chake.

Namba ya simu na baruapepe viwe vyako. Mdogo wangu alijaziwa maombi stesheneri, na mwenye stesheneri akaweka namba yake mwenyewe ili kurahisisha kazi. Siku ya kuthibitisha chuo kwa ujumbe wa simu, tulizunguka mji mzima kumtafuta yule bwana. Kama utakuwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) dirisha la maombi likifunguliwa, mwachie nywila mtu wa nyumbani unayemwamini, na simu ibaki naye ikiwa na chaji.

Ujumbe huo wa kuthibitisha una uzito, kwa sababu unaruhusiwa kuomba vyuo kadhaa na unaweza kuchaguliwa zaidi ya kimoja. Ikitokea hivyo, utatumiwa namba maalum ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja tu, na muda wake una mwisho. Ukikosa awamu ya kwanza, subiri tangazo la awamu inayofuata, angalia kozi zilizobaki na nafasi, kisha uombe tena. Wasiofikisha pointi 4 wana njia ya stashahada, programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, au kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mkopo ni maombi mengine kabisa. Unaombwa Bodi ya Mikopo (HESLB) kwenye mfumo wao, kwa namba ileile ya kidato cha nne, na kuchaguliwa chuo hakukupi mkopo. Cheti chako cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, kwa Bara ni RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na kama mzazi amefariki cheti chake cha kifo pia. Foleni ya uhakiki hurefuka matokeo yakishatoka, kwa hiyo hilo lifanye mara tu unapomaliza mtihani, Mei hiyohiyo.