Kiraka cha jipsamu kisichodondoka tena

Jipsamu iliyolainisha ukuta juu ya lipu ikibanduka, usikimbilie dukani kununua unga wake. Tafuta kwanza maji yanakotoka. Jipsamu ikiloa mara kwa mara hulainika na kuachia, na kiraka kipya juu ya ukuta mbichi kitafuata njia ya kile cha zamani. Kwa Mwanza hilo si dogo, maana nyumba nyingi za Isamilo, Mabatini au Igogo zimeegemea miteremko ya mawe. Mvua ikinyesha, maji hayazami kwenye mwamba. Yanateleza juu yake mpaka yakutane na ukuta wako wa nyuma.

Kupima ni rahisi. Kata kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache usiku kucha na mchana wake. Jasho likitokea upande wa ukutani, unyevu uko ndani ya ukuta. Likitokea upande wa chumbani, ni hewa tu, fungua madirisha. Chumvichumvi nyeupe inayochanua karibu na sakafu nayo inasema hivyohivyo: maji yanapanda kutoka chini. Hapo fedha ya kwanza iende kwenye mtaro wa nyuma, au kwenye bomba au bati linalovuja, kisha ukuta uachwe ukauke. Sehemu ya chini isiyokauka mwaka mzima usiiwekee jipsamu kabisa. Piga lipu ya saruji.

Ukuta ukiwa mkavu, ugonge kwa kifundo cha kidole kuzunguka pale palipoharibika. Palipo pazima hulia kwa ufupi, ko ko. Palipoachia hulia kama dumu tupu. Chora mpaka kwa penseli, ukwangue kwa skrepa kila kinacholia hivyo, hata kama kwa macho ni kizima. Wengi huona huruma hapa, wakabakiza ukingo uliolegea, na baada ya muda ufa unarudi kukizunguka kiraka. Ufa mwembamba nao usipakwe juujuu: uchimbe kwa ncha ya skrepa ufikie upana wa milimita tatu au nne, jipsamu ipate pa kushika. Ufa unaozidi kupanuka ni habari ya msingi wa nyumba, na jipsamu haitauzuia.

Futa vumbi kwa brashi. Changanya gundi nyeupe ya mbao kipimo kimoja na maji vipimo vinne, upake lipu iliyobaki wazi pamoja na kingo. Lipu kavu hunyonya maji ya jipsamu kabla haijaganda, ikabaki unga unaopukutika. Gundi huzuia hilo. Anza kazi gundi inaponata kidoleni.

Sasa mchanganyo. Tia maji safi nusu lita kwenye ndoo, nyunyizia unga kidogo kidogo, takriban kilo moja, mpaka uanze kubaki juu kama visiwa. Kama mfuko una kipimo chake, fuata hicho. Acha unga unywe dakika moja, ndipo ukoroge. Ukimwaga maji juu ya unga utapata mabonge. Ndoo iwe safi kwelikweli, kwa sababu makombo ya jipsamu ya jana huifanya ya leo igande haraka. Ikianza kukaza usiongeze maji, imwage. Ukiilainisha haitapata nguvu tena. Na ile desturi ya kutia saruji nyeupe "iwe ngumu" iacheni, mafundi: vitu hivyo viwili vikikutana na unyevu hutengeneza chumvi inayovimba na kupasua kazi.

Shimo la zaidi ya milimita tano lijaze kwa awamu mbili, ya kwanza uikwaruze kabla haijakauka. Safu ya mwisho iwe milimita moja au mbili, ivuke kingo kwa sentimita tano hivi na kufifia. Vuta skrepa pana kwanza kutoka chini kwenda juu, kisha kwa kukingama. Kuna dakika chache ambapo kidole kinaacha alama lakini hakichafuki: hapo nyunyiza maji kidogo kwa brashi, pitisha mwiko ukiwa umelala karibu na ukuta. Ulaini unapatikana hapo. Ukichelewa utalipia kwa msasa.

Jipsamu mbichi ni ya kijivu, ikikauka inakuwa nyeupe kote. Kipindi cha mvua ipe siku tatu au zaidi, na weka mgongo wa mkono: kama bado kuna ubaridi, subiri. Piga msasa namba 120, umalizie 220, umefunga kitambaa puani, taa ikimulika kutoka ubavuni ili vivuli vionyeshe mabonde.

Rangi ya maji ya kwanza iwe nyepesi, imepunguzwa maji ili izame. Nzito hukaa juu ya vumbi na kubanduka kama ganda. Kisha mikono miwili ya kawaida, kona hadi kona, maana ukipaka kiraka peke yake kitaonekana tangu mlangoni.